Mwanamke Aliyebandua Saruji Yake Mwenyewe

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana na wachache. Mji mzima ulimwita Mwiko.

Lilianza kama dhihaka. Akiwa na miaka kumi na tisa alipanda jukwaa nyuma ya baba yake, amevaa suruali ya kaka yake chini ya gauni, na mafundi waliokuwa wakikoroga zege chini wakasema kwa sauti kwamba mwanamke kupanda jukwaa ni mwiko. Yeye akachungulia, akainua chombo cha kupakia chokaa alichoshika, akawaambia, "Mwiko ndio huu. Anayetaka kuuona vizuri apande." Walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo ya maji. Jina likamganda, na kadiri miaka ilivyopita hakuna aliyekumbuka tena kwamba lilianza kama tusi.

Baba yake alikuwa mwashi wa chokaa, mtu mfupi, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Kazi alizozifanya mjini zilikuwa nyingi, lakini jengo alilolipenda ni hospitali ya wazazi. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili, limejengwa kwa mawe kabla babu yake hajazaliwa, kuta zake nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima kuanzia begani hadi vidoleni. Mbele kulikuwa na baraza refu, ndani ngazi ya mbao iliyolalamika kila ilipokanyagwa, na madirisha marefu ambayo wauguzi waliyafungua kwa upondo, fito ndefu. Nusu ya watu wa mji ule walifumbua macho yao ya kwanza mle ndani, Mwiko mwenyewe akiwa mmoja wao.

Kila mwaka mvua zikiisha, baba yake alilizunguka jengo lile kama daktari anavyopitia wodi. Aligusa kuta, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Palipolia vibaya alichokonoa, akajaza chokaa mpya, akasonga mbele.

"Jiwe hunywa maji mvua ikinyesha," alimwambia binti yake. "Jua likiwaka, linayatoa. Chokaa ni ngozi yake, jasho linapita. Sasa niambie, mtu ukimziba ngozi yote, atapona?"

"Hatapona, baba."

"Basi ndio kazi yetu. Mengine ni mapambo."

Mwiko alijifunza vizuri. Kufikia miaka ishirini na saba mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba yake, na yeye alilijua hilo. Mwaka ule wakuu wa mji wakatangaza kwamba hospitali ya wazazi itakarabatiwa upesi, kwa kuwa baada ya miezi mitatu kungekuwa na wageni wakubwa. Msimamizi wa kazi akamwendea mzee kwanza. Akamweleza kwamba chokaa haina nafasi, maana kulala kwenye maji tu huchukua msimu mzima kabla ya kutumika. Kuta zote zingepigwa plasta ya saruji, ndani na nje, zikasakafiwa mpaka ziteleze.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Samahani bwana, kwa kazi hiyo mimi sina mkono."

Msimamizi hakupoteza muda. Alipofika nje akamkuta Mwiko akiosha vyombo vya kazi, akamuuliza kama yeye anao mkono. Angekuwa fundi mkuu, juu ya wanaume kumi na wawili. Hakuna mwanamke katika mji ule aliyewahi kuitwa fundi mkuu wa kitu chochote. Mwiko akakubali kabla maji ya mikononi hayajakauka.

Walifanya kazi kwa bidii, hilo lazima lisemwe. Ili saruji ishike, walipiga chokaa ya zamani kwa nyundo zenye ncha, mashimo kwa maelfu, kisha wakaifunika. Wiki ya mwisho mzee akaja. Alivuka uwanja polepole, akaweka kiganja kwenye ukuta mpya wa kijivu. Mafundi wakaacha kukoroga.

"Mwanangu," akasema, "umemfunga pua na mdomo."

Angeweza kumjibu kwa namna nyingi. Lakini wanaume kumi na wawili walikuwa wakimtazama, na mwezi mzima alikuwa akihangaika wamwone kuwa fundi na wamsahau kuwa mtoto wa fundi. Akasema, "Baba, mambo ya chokaa yamepitwa na wakati. Na wewe pia."

Mzee akafuta kiganja kwenye suruali. "Haya, mama. Kazi njema," akasema, akarudi alikotoka.

Hakumnunia. Jioni ile walikula pamoja kama kawaida. Waliendelea kuongea kuhusu mvua, kuhusu paa la jikoni, kuhusu shangazi mmoja ambaye hakukosa la kulaumu. Kuta hawakuzitaja tena. Mwaka wa pili Mwiko akajifungua binti katika hospitali ileile, mikononi mwa mkunga mkuu, mwanamke mrefu ambaye sauti yake peke yake ilitosha kumtuliza mzazi. Mzee alikuja kumpokea mjukuu wake, akakaa kwenye kiti kilichosogezwa mbali na ukuta. Mwaka uliofuata akaugua. Mwiko alimuuguza miezi minne, na kila siku alikaa kitandani pake akiwa na neno la kuomba radhi mdomoni. Siku moja alifungua kinywa kulisema, mzee akaomba maji, akampa maji, kisha wakaingia wageni. Alhamisi iliyofuata mzee akafariki.

Dalili za kwanza zilionekana mwaka wa nane baada ya kazi ile. Chini ya kuta rangi ilianza kuvimba na kupasuka, ikatoa unga mweupe wa chumvi. Kisha zikaja nyufa. Mwiko aliitwa azizibe. Alipogonga kwa kifundo cha kidole alisikia uwazi nyuma ya saruji, na alipochokonoa kidogo, mchanga wenye maji ukamwagika mkononi mwake kama usaha. Maji yalipanda kutoka ardhini na kupenya kutoka juu, yakakosa pa kutokea, yakaanza kula mawe ndani kwa ndani.

Akajua. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Mara ya kwanza alikosea kwa kiburi cha ujana na haraka za watu wengine, lakini mara ya pili alikuwa na miaka thelathini na sita, ana akili zake timamu, na alijua. Kusema kungekuwa ni kusema kwamba baba yake alikuwa sahihi na kwamba fundi mkuu wa kike wa kwanza aliua jengo. Akakoroga saruji, akaziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliuziba ufa, akalaza maji ndani.

Hospitali iliendelea kuwa na unyevu kila mwaka. Ukungu mweusi ulitambaa kwenye pembe za wodi, wazazi wakalalamika baridi, na baada ya miaka kumi na moja wakuu wakaamua kuwahamishia kwenye jengo jipya upande wa pili wa barabara. Jengo la zamani likafungwa kwa kufuli, likaachwa hivyo miaka kumi. Mabati mawili yakang'oka, njiwa wakahamia, mti ukaota kwenye mfereji wa maji wa paani. Mwiko akawa anapita barabara nyingine akienda kazini, hata kama ilimwongezea mwendo.

Watu wengine hawakulikimbia. Yule mkunga mkuu, ambaye sasa alikuwa mstaafu na mji mzima ulimwita Bibi, alikusanya wenzake: mshona viatu, mwalimu wa zamani wa hesabu, wauguzi wastaafu wawili na mwanamke aliyeuza maua getini. Walijiita kamati. Kila Jumamosi walipanda paani kwa ngazi ya kuazima, wakazibua mifereji, wakang'oa miche, wakafunika palipovuja kwa turubai. Waliandika barua kwa mkono na kuzipeleka wenyewe, maana zile za posta hazikujibiwa. Mshona viatu alisema kwamba ofisi za mji zina masikio, ila yametobolewa kwa ajili ya hereni tu. Walifanya hivyo miaka mitatu bila mtu kuwaambia asante.

Mwaka wa nne ikaja ripoti. Mhandisi wa mji, kijana mtaratibu mwenye miwani, aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mwiko alikwenda na binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili na ni muuguzi katika ile hospitali mpya. Walikaa safu ya nyuma.

"Sikuja kuwafurahisha wala kuwaudhi," mhandisi akasema. "Nimepima. Kuta zimejaa maji, mawe yanamomonyoka kwa ndani. Jengo limezeeka, limeoza. Mwezi wa nane litabomolewa."

Bibi alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya fimbo. Aliuliza swali moja tu. "Limeoza kwa sababu gani, mwanangu? Maana nyumba za jirani ni za umri huohuo, na bado watu wanalala humo."

"Uzee, Bibi. Majengo ni kama watu."

Watu wakaguna. Mwanamke wa maua akaanza kulia bila sauti. Mwiko akasikia magoti yake yakimnyanyua. Binti yake akamshika gauni, akidhani anatoka nje, akanong'ona, "Mama, mkutano haujaisha."

"Sio uzee," Mwiko akasema. Sauti yake ilitoka imekwaruza. Vichwa vikageuka. "Bwana Mhandisi, kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta ule haujaoza. Umezibwa. Umevishwa saruji ndani na nje, na maji hayana pa kutokea. Ukuta wa mawe na chokaa haupigwi saruji. Baba yangu aliniambia hivyo kabla sijaanza kazi."

"Kazi gani, mama?" mhandisi akauliza.

"Aliyeuvisha ni mimi. Miaka thelathini na minne iliyopita. Na ulipoanza kuugua nikaitwa, nikaona, nikajua, nikaongeza saruji juu ya saruji. Sikumwambia mtu."

Binti akaachia gauni. Bibi hakugeuka. Alikaa vilevile akitazama mbele, mgongo umenyooka.

Nyumbani, binti hakuvua hata viatu. "Mama, kwa nini usingenyamaza? Jengo litabomolewa vilevile. Kesho nitaingia wodini na kila mtu ananijua mimi ni mtoto wa nani."

"Nilinyamaza, mwanangu. Miaka ishirini na mitano."

"Basi ungemalizia."

Binti akaenda kulala kwa rafiki yake, akabaki huko mwezi mzima.

Asubuhi baada ya mkutano, saa moja na nusu, fimbo iligonga mlangoni. Mwiko alipofungua akamkuta Bibi amesimama peke yake, amepanda kilima cha kuja pale kwa miguu yake ya miaka themanini. Alikataa kiti. Akanyoosha mikono yake, akaipindua. Ngozi ya viganja ilikuwa imekunjamana na kung'aa kama ya mtu aliyewahi kuungua.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilifuta ule ukungu kwa dawa kali, ili wanangu wasiuvute. Kuna vichanga vilivyokohoa mikononi mwangu. Nilimlaumu Mungu, nikalaumu mvua. Nikajilaumu mimi kwamba sisafishi vizuri."

"Nisamehe, Bibi."

"Sijui kama nimekusamehe. Nitakuja kujua baadaye." Akashusha mikono. "Nimekuja kukuuliza jambo jingine. Ukuta uliozibwa, ukizibuliwa, unapona?"

Mwiko alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa hakutaka tena kumdanganya mtu kuhusu ukuta ule. "Mwingine unapona. Mwingine umeshachelewa. Siwezi kujua mpaka nifungue."

"Haya. Vaa nguo za kazi."

Walikwenda wote wawili ofisini kwa mhandisi wakamkuta anakunywa chai. Alikuwa mtu mwenye haki. Angeweza kuwaambia ripoti imeshatiwa sahihi, lakini usiku wa mkutano hakulala vizuri. Shuleni walimfundisha zege na nondo, akasema, hakuna aliyemfundisha chokaa. Akakubali jambo moja: Mwiko afungue kipande cha ukuta wa kaskazini, upana na urefu wa mlango, na yeye atapima unyevu kila wiki kwa kifaa chake. Wiki sita. Usipokauka, jengo linabomolewa na asisumbuliwe tena.

Mwiko alianza siku ileile. Saruji haibomolewi kwa hasira, maana ukiipiga kwa nguvu, jiwe lililolegea linakuja nayo. Alitumia patasi nyembamba na nyundo ndogo, akitafuta mahali ambapo saruji ilikuwa imeachana na ukuta, akaibandua kipande kwa kipande. Akiwa na miaka sitini na moja, mabega yalimkumbusha kila pigo. Siku ya tatu ukafunguka ukuta wenyewe, mweusi kwa maji, ukinuka kama kisima kilichoachwa. Kwenye mabaki ya chokaa ya zamani aliona mashimo. Yalikuwa mengi, yamepangana karibu karibu, kila moja na ncha yake. Alizitambua alama zile. Zilikuwa za nyundo yake mwenyewe, za mkono wa msichana mwenye nguvu aliyekuwa na haraka, na zilikuwa zimepigwa juu ya kazi ya baba yake. Alikaa chini kwenye vumbi. Kisha, Bibi akimtazama kutoka barazani, akasimama akaendelea.

Wiki ya kwanza kifaa hakikubadilika. Wiki ya pili kilipanda, na mhandisi akavua miwani kuifuta. "Usiogope," Mwiko akamwambia, ingawa mwenyewe aliogopa. "Mtu aliyezibwa mdomo ukimfungua, kwanza anakohoa." Wiki ya tatu kikaanza kushuka. Ukuta ulitoa chumvi nyeupe, Mwiko akaifagia kwa brashi laini kila asubuhi na kila jioni. Wiki ya sita mhandisi alipima mara tatu, akahamia pembe nyingine akapima tena, akaandika. Kisha akaweka kiganja ukutani, kama vile hakiamini kifaa.

"Nusu," akasema. "Umeshuka kwa nusu."

Ripoti mpya ilipita baada ya mabishano ambayo Bibi aliyasimamia kwa sauti ileile aliyowatuliza nayo wazazi. Mji ulikubali jengo libaki, mradi wanaolitaka walitengeneze wenyewe. Lakini kabla ya kazi kuanza Mwiko aliomba azungumze na kamati. Alikuwa amegonga kuta zote, chumba kwa chumba, kwa siku tisa.

"Upande wa kusini haufai," akawaambia. "Mawe yamekuwa unga. Tukiacha, utaanguka na kuvuta mwingine. Lazima tuushushe sisi wenyewe, kwa mikono, jiwe kwa jiwe."

Upande wa kusini ndio uliokuwa na chumba cha kujifungulia. Kila mmoja pale alijua hivyo. Mshona viatu, ambaye hakukosa mzaha, safari hii alikosa. Bibi akauliza, "Una uhakika?" Mwiko akasema anao. Bibi akainuka, akatembea mpaka chumba kile, akafunga mlango nyuma yake, akakaa humo peke yake karibu saa nzima. Alipotoka akasema, "Haya. Ushusheni."

Kazi ilichukua miaka miwili na miezi kadhaa. Walichimba shimo nyuma ya jengo, wakazima chokaa humo. Mawe meupe yaliyochomwa yalipokutana na maji yalichemka na kunguruma, na Mwiko aliwakataza watu wasisogee bila kufunika macho. Kisha chokaa ikafunikwa ikalala msimu mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mhandisi aliyekuwa akija kila wiki kuuliza kama haijaamka. Wakati huo walibandua saruji. Walikuja watu ambao Mwiko hakuwatarajia: dereva wa lori, wanawake wawili wa kufua nguo, karani wa mahakama aliyekuja na soksi nyeupe na kurudi nazo za kijivu. Wengi walisema neno moja, kwamba walizaliwa humu. Mafundi vijana walikuja pia kucheka, kisha wanne kati yao wakabaki kujifunza. Mwiko aliwafundisha kuosha mchanga mpaka chumvi iishe, kuipaka chokaa tabaka jembamba, kusubiri, kupaka jingine, na kuufunika ukuta magunia yaliyoloweshwa ili usikauke kwa pupa.

Jumapili moja alikuwa juu ya jukwaa akilowesha magunia, akasikia mtu akipanda. Alikuwa binti yake, amevaa suruali ya zamani na kitambaa kichwani. Walikuwa wameshapatana kwa maneno ya kawaida, ya chumvi na sabuni, lakini alikuwa hajawahi kukanyaga pale.

"Nani amekwambia upande bila kofia?" Mwiko akauliza.

"Mwenyewe huna."

"Mimi ni mzee, kichwa kimeshakomaa. Shika ndoo."

Akashika. Walilowesha ukuta mzima. Mwishoni binti akasema, huku anakamua gunia, "Wodini walinisema kweli, mama. Wiki mbili nzima. Halafu juzi daktari mmoja akaniuliza kama mama yangu anaweza kuja kuangalia stoo ya dawa, ukuta wake unatoka maji."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ana shughuli. Apange foleni."

Mwiko akacheka mpaka akashika nguzo ya jukwaa.

Bibi alishikwa na maradhi ya moyo mwaka wa mwisho wa kazi. Hakuweza tena kupanda ngazi, basi vijana wakambeba kwa kiti hadi ghorofani siku wodi ya kaskazini ilipokamilika. Chumba kilikuwa kitupu, kuta nyeupe zisizong'aa, madirisha yamefunguliwa kwa upondo mpya. Nje mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne mfululizo. Bibi aliomba kiti kisogezwe mpaka ukutani. Akapitisha kidole kwenye pembe, juu na chini, pale ukungu ulipokuwa ukianzia, akakitazama kidole.

"Pakavu," akasema.

"Pakavu, Bibi."

Akamgeukia Mwiko. "Ulinipotezea miaka kumi na moja," akasema. "Sitaki ufe ukidhani nimeisahau. Lakini nimekusamehe. Nilijua siku ile ulipotuambia upande wa kusini haufai, maana ungeweza kutudanganya na tungefurahi."

Bibi alifariki kabla ya ufunguzi. Jengo lilifunguliwa kuwa kliniki ya wajawazito na vichanga, na ghorofani pakahifadhiwa madaftari ya zamani ya vizazi, ambayo kamati ilikuwa imeyaficha nyumbani kwa mshona viatu miaka yote ile. Palipokuwa upande wa kusini waliacha uwanja, na mawe yaliyofaa yakawa mabenchi ya wazazi wanaosubiri zamu.

Mwezi uliofuata Mwiko alimwita binti yake mezani, akamwambia achukue kalamu na daftari kubwa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuandika, alitaka kusema tu na mwenzake aandike: chokaa ile imetoka wapi, imelala muda gani, mchanga umeoshwa mara ngapi, ukuta gani unahitaji kugongwa kila mvua zikiisha na nani ameshafundishwa kuugonga. Nakala moja ingekaa ofisini kwa mhandisi, nyingine kliniki.

"Niandike na lile kosa?" binti akauliza.

"Anza nalo. Andika aliyelifanya, andika mwaka, andika kwamba alikuwa ameonywa."

Binti akainamisha kichwa akaandika. Iliwachukua jioni sita, kurasa ishirini na tatu, na mwalimu wa hesabu akasahihisha vipimo ambavyo Mwiko alikuwa akivitaja kwa shubiri na dhiraa. Mhandisi alichora michoro. Siku walipolipeleka daftari kliniki, mlinzi wa zamu aliwauliza ni la nini, na Mwiko akaketi kwenye kiti cha mlinzi akaanza kumsomea, ukurasa wa kwanza, wenye lile kosa, mpaka wa mwisho, huku wazazi wakipita na vichanga vyao mgongoni.